Siku hospitali ya Camp Devens ilipofunga mlango: uchambuzi wa kisa cha mafua ya 1918

Asubuhi ya 23 Septemba 1918, madaktari wakubwa wa jeshi la Marekani waliteremka Camp Devens, kambi ya makuruta katika jimbo la Massachusetts, wakaenda moja kwa moja hospitalini. Walikuwapo Kanali William Welch, mzee wa miaka 68 aliyeheshimiwa kuliko tabibu yeyote wa nchi ile. Kanali Victor Vaughan, mkuu wa chuo cha udaktari cha Michigan. Na Rufus Cole, bingwa wa nimonia kutoka Taasisi ya Rockefeller, New York. Kabla hawajafika wodini walikuta mstari. Askari walikuwa wanatoka kwenye mabweni yao, kila mmoja amebeba blanketi lake, wanakohoa, wengine nyuso zimeshageuka buluu, wanajikokota kwenda kulazwa.

Kila ninapofundisha kisa hiki kwa wanafunzi wa uuguzi huanzia kwenye mstari ule. Nawaomba wasikimbilie kutazama virusi, dawa wala chanjo. Watazame blanketi. Mtu mwenye homa kali, mapafu yanajaa maji, anatembea mwenyewe kwenye baridi ya vuli huku amebeba tandiko lake, kwa sababu anakokwenda hakuna tandiko. Tangu hapo hospitali ilikuwa imeshazidiwa, na ilizidiwa na mambo ambayo hayakuhitaji darubini kuyaona.

Devens ilijengwa 1917, Marekani ilipoingia vitani, kiasi cha kilomita 50 na ushee kaskazini-magharibi ya Boston. Ilijengwa kwa haraka, mbao kwa mbao, ili vijana wa majimbo ya kaskazini-mashariki wafunzwe na kuvushwa kwenda Ufaransa. Uwezo wake haukupaswa kuzidi watu 36,000. Septemba 1918 walikuwamo zaidi ya 45,000. Hospitali ya kambi ilikuwa na nafasi ya wagonjwa 1,200, na tarehe 6 Septemba waliolazwa walikuwa 84 tu.

Wanafunzi wakiona namba ile ya 84 husema, basi palikuwa na nafasi tele. Hapo huwa nawasimamisha. Vitanda 1,200 kwa watu 45,000 ni kitanda kimoja kwa kila watu 37 hivi. Hesabu hiyo inafaa watu wanapougua mmoja leo, mwingine kesho: huyu kavunjika mguu, yule ana kuhara, mwingine kapata jipu. Haifai kabisa kwa ugonjwa unaopita hewani kati ya vijana wanaolala bega kwa bega, wanaokula meza moja na kupiga kwata kwenye safu moja.

Nao hawakuwa hawajui. Majira ya baridi yaliyotangulia, surua ilikuwa imepita kwenye kambi za jeshi kama moto wa nyika. Makuruta wengi walitoka mashambani, hawajawahi kuugua surua maishani, wakakusanywa kwa maelfu. Vaughan alishuhudia kwamba kila gari moshi la askari lililoingia kambi moja ya kusini lilileta mgonjwa wa surua, mara mmoja, mara kadhaa. Wengi waliokufa waliuawa na nimonia iliyofuata nyuma ya surua. Mganga Mkuu wa Jeshi, William Gorgas, yule aliyeshinda homa ya manjano kule Panama, alilalamika waziwazi kuhusu msongamano na kuhusu kuwaingiza watu kambini kabla hospitali hazijawa tayari. Alisikilizwa kwa adabu. Msongamano ukaendelea, kwa sababu kila kambi ilikuwa na hesabu yake ya askari wa kupeleka Ulaya.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kisa hiki lilitangulia mgonjwa wa kwanza.

Ugonjwa wenyewe ulionekana Boston mwishoni mwa Agosti, kwa mabaharia waliosongamana kwenye gati la Commonwealth, na baada ya siku chache hospitali ya wanamaji ya Chelsea ikaanza kujaa. Haikuchukua wiki mbili ukafika Devens. Mgonjwa mmoja wa mwanzo, askari wa Kikosi cha 42 cha askari wa miguu, aliletwa hospitali akiwa anaweweseka. Alipoguswa tu alipiga kelele kwa maumivu. Madaktari waliandika: homa ya uti wa mgongo. Kesho yake wakaletwa wenzake kama dazeni kutoka kombania ileile, nao wakadhaniwa hivyohivyo.

Siwalaumu sana. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa inajulikana kambini, na maumivu ya namna ile yanafanana nayo. Mafua waliyoyazoea wao, kama tuliyoyazoea sisi, ni ya kupiga chafya, kunywa chai ya tangawizi na kurudi kazini. Lakini ipo ishara waliyokuwa nayo mkononi siku ileile ya pili, nayo haikuhitaji maabara: watu kumi na mbili, kombania moja, siku moja. Jina la ugonjwa linaweza kusubiri. Kuitenga kombania nzima hakuwezi kusubiri.

Baada ya hapo namba zilipanda kwa namna ambayo hata leo naisoma kwa kuirudia. Ilifika siku askari 1,543 waliripoti kuugua mafua kwa siku moja. Karibu mmoja kati ya kila watano kambini alikuwa kwenye orodha ya wagonjwa, na karibu robo tatu ya hao walikuwa wamelazwa. Tarehe 24 Septemba peke yake, 342 walitambuliwa kuwa na nimonia. Hospitali ya watu 1,200 ikabeba kama 8,000. Vitanda vya turubai vilipangwa kwenye korido, kwenye vibaraza, kwenye kila chumba chenye paa. Madaktari wa kawaida walikuwa 25. Wakaongezwa wa jeshi na wa kiraia mpaka wakapita 250. Kazi ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, ikaisha saa tatu na nusu usiku, wakalala, wakaamka tena.

Madaktari waliongezeka mara kumi. Wauguzi hawakuongezeka hivyo. Walikuwapo kama 200, na 70 kati yao walikuwa wameshaanguka, nao ni wagonjwa. Shirika la Msalaba Mwekundu likahangaika likapata wauguzi 12 wa kuwapeleka. Wanane kati ya hao 12 waliugua. Wawili wakafa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwaka 1918 hapakuwa na dawa ya kuua virusi vya mafua, wala virusi vyenyewe havikujulikana. Vilikuja kutambuliwa kwa binadamu mwaka 1933. Madaktari wengi waliamini mafua yanaletwa na bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892, wakapoteza nguvu nyingi kumtafuta. Hapakuwa na penisilini. Alexander Fleming aliigundua miaka kumi baadaye. Kwa hiyo kati ya kuugua na kupona palikuwa na kitu kimoja cha uhakika, mikono ya muuguzi.

Mtazame mgonjwa mmoja. Kijana wa miaka 22, homa imepanda, anapumua kwa haraka, mabega yananyanyuka kila pumzi. Ukimlaza chali anazama, basi lazima umwinue, umwegemeze kwenye mito, au kwenye blanketi lililokunjwa kama mito imekwisha. Damu inamtoka puani. Unaifuta, unambadilishia foronya. Shuka limelowa jasho. Unamgeuza ubavu huu, unalikunja nusu, unatandika kavu, unamgeuza upande wa pili. Unamkanda kwa maji. Unampa maji ya kunywa kijiko kwa kijiko, maana akigugumia atapaliwa. Unampelekea chombo ajisaidie palepale kitandani, unamsafisha, unanawa mikono. Unapima joto, unahesabu pumzi, unaangalia midomo na kucha. Unamfunika tena kwa sababu amejifunua kwa kuweweseka.

Tufanye kazi hiyo yote inachukua robo saa, nayo ni mbio. Mpe muuguzi mmoja wagonjwa 40 wa namna hiyo. Mzunguko mmoja ni saa kumi. Yule wa kitanda cha kwanza ataonwa tena baada ya saa kumi, na pengine atakuwa ameshakufa, shuka lake bado limelowa.

Nimewahi kufanya zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto wakati wa mlipuko wa surua, watoto wawili kitanda kimoja na wengine na mama zao kwenye mikeka, nasi tulikuwa wawili tu. Hakuna aliyekosa dawa usiku ule, dawa zilikuwapo. Alfajiri nilimkuta mtoto mmoja midomo imepasuka kwa kiu, kikombe cha maji kipo kwenye kabati la pembeni mwa kitanda, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumnyanyua kichwa anywe. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nikisoma kwamba hospitali fulani imeongezewa vitanda elfu moja, swali langu la kwanza ni nani atasimama kando ya vitanda hivyo.

Tarehe 26 Septemba uongozi wa hospitali ya Devens uliamua kutopokea mgonjwa mwingine yeyote, hata awe mahututi vipi. Wahudumu walikuwa wanaugua na kufa pamoja na wagonjwa wao.

Uamuzi ule unaumiza kuusikia, na wanafunzi wangu hugawanyika kila mwaka. Wapo wanaosema ni usaliti wa kiapo. Mimi nasema ulikuwa sahihi kwa siku ile, na ulitokana na kosa la siku kumi nyuma. Siku ile, kuingiza wengine mia kungewanyima maji na mashuka wale elfu nane waliomo, bila kumsaidia aliyeingia. Ila tangu mwanzo njia ilikuwa moja tu: ukiwa na homa, nenda hospitali. Aliye na homa nyepesi na aliye na nimonia walipanga mstari mmoja, wakalala korido moja, wakakoholeana. Mabweni mengine yangeweza kugeuzwa mapema kuwa sehemu za kulaza wenye hali nyepesi, wakaangaliwa na askari waliofundishwa mambo machache ya lazima: maji, blanketi, dirisha wazi, na ishara ya kumkimbiza mtu hospitali. Wale wachache wenye ujuzi wangebaki na walio mahututi.

Nakiri kwamba ni rahisi kusema hivyo baada ya miaka mia na zaidi. Ugonjwa ule ulikuwa na hila: aliyeonekana mwepesi Jumatatu, Jumatano alikuwa anakata roho. Kuchambua wagonjwa kwa uzito wa hali zao kungekosea mara nyingi. Hata hivyo, kuchambua kwa makosa ni afadhali kuliko mstari mmoja unaoishia kwenye mlango uliofungwa.

Daktari mmoja wa Devens aliyejiandika Roy tu alimwandikia rafiki yake barua tarehe 29 Septemba. Barua ile ilikutwa Detroit miaka mingi baadaye ndani ya sanduku, ikachapishwa kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1979. Ni maandishi ya mtu aliyechoka. Anasema askari wanaanza kama watu wenye mafua ya kawaida, na wakishafikishwa hospitali wanapata kwa haraka nimonia mbaya kuliko yoyote iliyowahi kuonekana. Baada ya saa chache hutokea madoa ya rangi ya mbao ya mkangazi kwenye mashavu, kisha ubuluu unaanzia masikioni na kuenea uso mzima. Tangu hapo ni kupigania hewa hadi mtu anasongeka. Anasema kifo kwa wastani kinachukua watu kama mia kwa siku, kwamba zinahitajika gari moshi maalumu za kuondolea maiti, kwamba kwa siku kadhaa majeneza yaliisha, na kwamba bweni moja refu lilitolewa watu likafanywa chumba cha maiti, askari wamevalishwa sare na kulazwa safu mbili mbili. Na wauguzi na madaktari waliopotea, anasema, ni wengi kupita kiasi.

Vaughan naye aliandika juu ya alichokiona: kila kitanda kimejaa, na bado wengine wanaingia, asubuhi maiti zimerundikwa kuzunguka chumba cha maiti kama magogo ya kuni. Siku ile walipofika walikuwa wamekufa askari 63.

Walipomaliza wodi waliingia chumba cha uchunguzi wa maiti. Njia yenyewe ya kufikia meza ilikuwa shida, maana miili ilikuwa sakafuni. Kifua cha kijana mmoja kilipofunguliwa, mapafu yalitoka yamevimba, ya buluu, yamelowa, yanatoa povu. Mapafu mazima ni mepesi, ukiyatia majini yanaelea. Haya yalikuwa mazito kwa maji na damu. Welch alisema lazima hili liwe ambukizo jipya la namna fulani, au tauni. Cole alikumbuka baadaye kwamba wao wengine kushtuka halikuwa jambo la ajabu. Kilichomshtua ni kuona kwamba, walau kwa kitambo, hali ile ilimzidi hata Dakta Welch.

Naipenda sehemu hii ya kisa kwa sababu ya kilichofuata. Mzee alishtuka, kisha akashika simu. Alimwita Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller aje kutafuta kijidudu. Akaita wachunguzi wa maiti. Akaionya ofisi ya Mganga Mkuu kule Washington kwamba ugonjwa huu utaenea nchi nzima, na kwamba kila kambi ianze mara moja kupanua hospitali. Alishauri juu ya nafasi, siyo juu ya dawa.

Na dawa zilizotumika? Nitapita haraka, kwa kuwa hazikubadili mambo sana. Walitoa kafuri kwa sindano, dijitalisi ya kuupa moyo nguvu, pombe kali, kwinini, na oksijeni pale ilipopatikana. Dawa moja inastahili neno zaidi, nayo ni aspirini. Vitabu vya wakati ule viliruhusu gramu 8 mpaka 30 hivi kwa siku. Leo hatuvuki gramu 4. Aspirini ya wingi ule inaharakisha pumzi na inaweza kujaza mapafu maji, na wapo watafiti wa karne hii wanaoona kwamba baadhi ya vifo vya 1918 vilichangiwa na kidonge kilichotolewa kwa nia njema. Halijathibitika kwa kila mgonjwa. Ila utafiti uliofanywa upya kwenye vipande vya mapafu ya marehemu wa wakati ule, uliochapishwa 2008, unaonyesha kwamba walio wengi waliuawa na nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya virusi kuchubua njia ya hewa. Bakteria hao ni wale wanaokaa kooni mwa watu wenye afya siku zote. Ukiwalaza watu mia pua kwa pua, kila mmoja anampa mwenzake wa kwake.

Washington, kaimu Mganga Mkuu Charles Richard alipokea onyo la Devens akalipeleka juu. Lilifanyika jambo moja kubwa: tarehe 26 Septemba uandikishaji wa makuruta wa Oktoba ulisimamishwa. Watu 142,000 waliokuwa waingie kambini wakabaki makwao. Sijui kama ipo hatua nyingine katika kisa hiki iliyookoa roho nyingi kwa saini moja.

Lakini usafirishaji wa askari haukusimama. Kambi ya Grant, Illinois, ilikuwa imeshaanza kuugua kama Devens, na bado gari moshi lilipakia askari 3,108 kwenda kambi ya Hancock, Georgia, safari ya kilomita zaidi ya 1,500 kwenye mabehewa yaliyofungwa. Walipofika, zaidi ya 700 walipelekwa moja kwa moja hospitali. Meli nazo ziliendelea kupakia. Leviathan iliondoka New York tarehe 29 Septemba, siku ileile Roy alipoandika barua yake, ikiwa na askari na wauguzi karibu 10,000. Wagonjwa walifika kama 2,000 katikati ya bahari, na wengi walikufa njiani. Madaktari waliomba safari zisimame hadi ugonjwa upoe. Mkuu wa majeshi, Jenerali Peyton March, alimweleza Rais Wilson kwamba Ujerumani inakaribia kuvunjika na haifai kulegeza. Rais akakubali.

Najua hoja ya March. Kila wiki ya vita iliua watu pia, na hakuna aliyejua kwamba zimebaki wiki sita. Lakini askari aliyeshushwa bandari ya Brest, Ufaransa, kwa machela hakupigana na Mjerumani yeyote. Alichukua kitanda cha aliyejeruhiwa. Hata kwa hesabu ya vita tupu, kumpakia mgonjwa melini ilikuwa hasara.

Meli za mwaka ule ndizo zilizotuletea sisi pia. Kabla mwaka haujaisha mafua yalikuwa yameshashuka Mombasa na kupanda bara kwa reli, yakawakuta wapagazi wa vita, wale wa Carrier Corps walioacha jina lao Kariakoo, wameshadhoofishwa na njaa na kuhara damu. Safu ya von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani Afrika Mashariki, nayo ilikuwa inatembea na wagonjwa wa mapafu ilipokuwa inaelekea Abercorn, Mbala ya Zambia ya leo, kuweka silaha chini. Kwa hawa hapakuwa hata na korido ya kulazwa. Kisa chao kinahitaji uchambuzi wake peke yake.

Turudi Boston, maana wiki zilezile Devens ilipozama, jirani yake palikuwa na hospitali nyingine iliyokwenda kinyume. Mabaharia wa meli za mafunzo ya biashara pale East Boston waliugua kwa mamia, hospitali za mji zimejaa. Walinzi wa jimbo, chini ya Dakta William Brooks, walipiga mahema juu ya kilima cha Corey, Brookline, wakaanza kupokea wagonjwa 9 Septemba. Waliletewa waliozidiwa zaidi. Mchana, mvua isiponyesha, vitanda vilitolewa nje juani. Usiku walirudishwa ndani wamefunikwa vizuri, wana chupa za maji ya moto miguuni. Wahudumu walivaa barakoa za shashi zilizotandazwa juu ya fremu ya waya ili zisiguse pua, wakazibadilisha kila baada ya saa mbili. Kambi ilifungwa 12 Oktoba. Ilikuwa imepokea watu 351, theluthi yao wana nimonia, wakafa 36.

Huwezi kuzilinganisha hospitali hizi mbili kama unavyolinganisha mizani mbili za duka moja. Corey Hill ilikuwa ndogo, na wahudumu wake walitosha. Lakini hapo ndipo penye uzito. Hewa ilikuwepo, nafasi kati ya kitanda na kitanda ilikuwepo, na mtu wa kumfunika mgonjwa miguu alikuwepo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Devens ingekosa kuwa nacho kwa sababu sayansi haijafika.

Mpaka mwisho wa Septemba, Devens ilikuwa imehesabu wagonjwa kama 14,000, na vifo 757. Katika jeshi zima la Marekani waliougua walipita milioni moja, takriban askari mmoja kati ya wanne. Karibu 30,000 walikufa kabla hawajaikanyaga Ufaransa.

Jambo la mwisho ndilo linalonikera kuliko yote. Wakati Devens inaomba wauguzi na kuletewa 12, nchini walikuwapo wauguzi weusi waliosomea, wenye vyeti, waliojiandikisha Msalaba Mwekundu na kusubiri kuitwa tangu vita ianze. Idara ya Wauguzi ya Jeshi haikuwachukua. Ilikua kutoka wauguzi 403 mwaka 1917 mpaka zaidi ya 21,000 vita ilipokwisha, na mpaka siku ile ya mwisho ya vita hapakuwa na mweusi hata mmoja ndani yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba hayakuwapo makazi ya kuwatenga. Roy aliandika kwamba ubuluu ulivyoenea usoni, ilifika mahali ikawa taabu kumtambua askari mweusi na mweupe.

Walipokuja kuitwa ilikuwa Desemba 1918, mwezi mmoja baada ya vita kusimama. Walikuwa 18. Walipelekwa kambi ya Sherman, Ohio, na kambi ya Grant, Illinois, wakapewa mahali pao pa kulala, mbali na wenzao, wakaingia wodini kuhudumia wagonjwa wa rangi zote. Kufikia Agosti 1919 wote walikuwa wameshaachishwa.